Daftari la Mama na Mshahara wa Baba: Mfumuko wa Bei Ulivyoingia Jikoni, 1979–1987

Mwanzoni mwa muhula huu, katika semina yangu ya historia ya uchumi, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alinyoosha mkono akaniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Alisema: "Mwalimu, tunaambiwa mfumuko wa bei nchini uko chini ya asilimia 5, na umekuwa hivyo kwa miaka. Sasa mbona mshahara wa baba, uliokuwa unatufikisha mwisho wa mwezi, siku hizi unakwisha tarehe 12?"

Nilimjibu kwa namna tuliyozoea kujibu. Nilimwambia kwamba mfumuko wa bei ni mwendo, si mahali. Gari likipunguza mwendo halirudi lilikotoka. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, baada ya miaka 7 zimepanda kwa karibu theluthi moja, na mshahara ambao haukuguswa katika muda huo umepoteza karibu robo ya nguvu yake. Nikamkumbusha kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kilikaa miaka kadhaa bila kupandishwa hadi 2022, kilipoongezwa kwa asilimia 23.3, na kwamba nyongeza ile ilikuwa ya kima cha chini tu, jambo lililowafanya wengi wazitazame hati zao za mshahara wa Julai mara mbili mbili. Nikaongeza kwamba kapu la takwimu za taifa si kapu la kila nyumba: familia inayotumia sehemu kubwa ya kipato chake kununua unga, mafuta ya kula na mkaa ina mfumuko wake wa bei, usiotangazwa na mtu.

Yote hayo ni kweli, na yule binti aliyaandika. Lakini nilimwona usoni kwamba sikugusa alichouliza. Sababu za bei kupanda hazikuwa shida yake. Alitaka kujua nyumba inaishije kuanzia tarehe 12 hadi tarehe 30, na ni nani anayezilipia siku hizo 18. Vitabu tunavyofundishia havina sura juu ya jambo hilo. Nyumbani kwetu Morogoro, hata hivyo, limo daftari moja linaloligusa, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Ni kaunta buku la kawaida, jalada gumu jeusi, pembe zimeliwa na mende. Mama yangu alianza kuandika humo mwaka 1981, nami nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akaacha mwishoni mwa 1987. Baba alikuwa karani katika ofisi ya umma. Kila ukurasa mama aliugawa safu tatu kwa rula: "Dukani", "Nje" na "Mradi". Nilipokuwa mwanafunzi nililidharau daftari hilo kama hesabu za vitunguu. Leo, baada ya kusoma kumbukumbu nyingi za serikali za kipindi hicho, naliona kuwa mojawapo ya nyaraka chache zinazosema kilichotokea hasa.

Tuanze na lililo nje ya daftari. Mwaka 1976 na 1977 Tanzania ilipata neema ya muda: baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na hazina yetu ya fedha za kigeni ikanona. Neema haikudumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, nchi ikalazimika kujianzishia mashirika yake ya ndege, reli na posta. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera, na vita vilivyomalizika mwaka uliofuata viligharimu dola za Marekani zinazokadiriwa kufikia milioni 500. Mwaka huohuo wa 1979 bei ya mafuta ilipaa kwa mara ya pili. Wazee wengi wanakumbuka Mwalimu Nyerere akiwaomba wananchi wajifunge mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikawa miaka.

Hayo yalitoka nje ya mipaka, lakini lipo pia letu wenyewe. Mashirika mengi ya umma yaliendeshwa kwa hasara, serikali ikaziba nakisi kwa kukopa Benki Kuu, na viwanda vilivyokosa malighafi na vipuri vikazalisha sehemu ndogo ya uwezo wake. Morogoro tulikuwa na mfano wa kutembelea kwa miguu: kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi za kuuza Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Watoto wa mji wenye kiwanda cha viatu tulikwenda shule tumevaa katambuga za matairi, na waliokuwa peku hawakuwa wachache.

Fedha zikawa nyingi, bidhaa zikawa chache. Mwishoni mwa 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Rais kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Kuanzia 1980 mfumuko wa bei ulizunguka asilimia 30 kwa mwaka kwa muda mrefu wa muongo ule. Kwa kasi hiyo bei huzidi maradufu kabla ya miaka mitatu kutimia. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa shilingi 480 mwaka 1980. Kufikia 1984 kilikuwa shilingi 810. Kwenye karatasi hilo ni ongezeko la zaidi ya theluthi mbili. Lakini kwa kasi ya asilimia 30, bei katika miaka hiyo minne zilikaribia kuwa mara tatu. Mfanyakazi aliyeongezewa shilingi 330 alikuwa amepunguziwa mshahara kwa takriban asilimia 40, na hakuna barua iliyomtaarifu.

Sasa turudi kwenye safu za mama.

"Dukani" maana yake ni duka la kampuni ya biashara ya mkoa au la ushirika, ambako vitu viliuzwa kwa bei iliyopangwa na Tume ya Bei. Bei hizo zilikuwa nafuu kweli. Mtu anayesoma orodha ya Tume leo anaweza kudhani kwamba mtumishi wa 1982 aliishi vizuri. Tatizo ni kwamba kitu chenye bei nafuu hakikuwapo. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, khanga, betri za tochi: vilifika kwa mgao, habari zikatangulia gari, na alfajiri foleni ikawa imeshazunguka jengo. Watu waliweka mawe na vikapu kushika nafasi, kila jiwe likiwa na mwenyewe. Kwenye safu hii mama aliandika tarehe, kitu na kiasi cha fedha, lakini mara nyingi pembeni aliandika pia neno moja, "sikupata", au saa: "tangu saa 10 alf." Zipo kurasa ambazo safu nzima ya "Dukani" ni "sikupata" tupu.

Hapo ndipo daftari linapoizidi takwimu. Bei ya kilo moja ya sukari mwaka 1982 haikuwa zile shilingi zilizoandikwa ubaoni. Ilikuwa shilingi zile pamoja na saa tano za mwanamke aliyesimama juani na mtoto mgongoni, na siku ambayo sukari iliisha kabla ya zamu yake, saa zile zililipwa bila kupata chochote. Serikali iliizuia bei isipande kwa fedha. Ikapanda kwa muda. Sijaona jedwali lolote la kipindi kile lililowahi kuupima mfumuko huo, na waliobeba gharama yake hawakuwa wale wenye mshahara. Baba alikuwa ofisini saa hizo. Foleni ilikuwa ya mama.

Safu ya pili, "Nje", ni ulanguzi, ingawa mama hakulitumia neno hilo kwa maandishi. Alikuwa mwangalifu, daftari likiangukia mikono isiyo yake lisomeke kama hesabu za sokoni. Nje kila kitu kilipatikana, kwa bei ambayo haikufanana na ile ya Tume. Nyumba moja, basi, iliishi na viwango viwili vya bei kwa wakati mmoja, na hali yake ilitegemea imenunua sehemu gani ya mahitaji yake wapi. Aliyekuwa na ndugu nyuma ya kaunta aliishi mwaka 1980. Asiye na ndugu aliishi mwaka 1985 kabla haujafika. Ninapowasikia wazee wawili wakibishana kuhusu ugumu wa miaka ile, mmoja akisema hali haikuwa mbaya hivyo, mwingine akikumbuka unga wa yanga na kufulia kwa majani ya mpapai, najiuliza kwanza kila mmoja alikuwa na ndugu wapi.

Machi 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sheria maalumu ilitungwa, mahakama maalumu ikaundwa, na zaidi ya watu elfu moja walikamatwa. Usiku watu walitupa mitoni na vichakani magunia ya bidhaa ambazo mchana hazikuonekana dukani. Msako ulipendwa, nasi hatuna budi kukiri hivyo. Aliyesimama foleni miaka mitatu alifurahi kuona shehena iliyofichwa ikianikwa hadharani. Sokoine mwenyewe anakumbukwa kwa uadilifu wake, na alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, karibu na Dakawa, mkoani kwetu, mama anasema mtaa mzima ulilia kwa sauti. Hata hivyo, kama mwanahistoria siwezi kuuita msako ule dawa. Walanguzi wakubwa walikuwepo na walinufaika, lakini uhaba haukuzaliwa maghalani mwao. Baada ya msako, safu ya "Nje" katika daftari inanyamaza kwa wiki kadhaa, halafu inarudi, na bei zake ziko juu zaidi kwa sababu sasa muuzaji analipisha na hofu yake.

Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyotaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Mjini maana yake ilikuwa kwamba muuza karanga, mama anayepika vitumbua kando ya barabara, au kijana anayeshona viatu chini ya mwembe angeweza kuhesabiwa mzururaji, akasombwa na kupelekwa kijijini kulima. Na hapa tunafika kwenye safu ya tatu.

"Mradi" inaanza kidogo sana, mwaka 1981, kwa majogoo wawili na mitetea sita. Kufikia 1983 kuna mayai kila siku, maandazi siku za Jumamosi, mboga kutoka kitalu cha bondeni chini ya milima ya Uluguru, na upatu wa wanawake kumi wa mtaani. Upatu ndio ulionunua mabati, na upatu ndio uliolipa ada ya kaka yangu ada za sekondari ziliporudishwa mwaka 1985. Kadiri kurasa zinavyosonga safu hii inapanuka, rula ya mama inasogea, na nafasi iliyotengewa mshahara wa baba juu ya ukurasa inabaki mstari mmoja.

Hali hii haikuwa ya nyumba yetu pekee. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Dar es Salaam miaka ile ya themanini, alikuta jambo hilihili mtaa kwa mtaa: mishahara halisi ilikuwa imeporomoka kwa zaidi ya robo tatu tangu katikati ya miaka ya sabini, na sehemu kubwa ya kipato cha nyumba za waajiriwa ilitoka nje ya ajira, hasa mikononi mwa wanawake, vijana na wazee. Waliofuga kuku walikuwa makatibu na wakurugenzi pia. Wahadhiri wa Chuo Kikuu walifuga, walilima, wengine waliendesha teksi. (Walimu wangu walitusimulia hayo kwa kicheko, kicheko cha watu waliosahihisha mitihani usiku banda la kuku likiwa limefungwa.) Wakati huo Miiko ya Uongozi ya Azimio la Arusha ilikuwa bado inamtaka kiongozi, na mwenzi wake wa ndoa, asiwe na mishahara miwili wala asijihusishe na ubepari, na haikulegezwa rasmi hadi Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Kwa hiyo mtumishi alikwenda kazini asubuhi kulinda sera ambayo mkewe aliivunja jikoni ili yeye apate nguvu ya kwenda kuilinda.

Mimi naona hapo ndipo ilipo historia yenyewe ya mfumuko wa bei. Dola ilimlipa mfanyakazi mshahara usiomlisha, ikaendelea kumtegemea afike kazini saa moja na nusu asubuhi. Pengo lilizibwa na mradi. Mama wa maandazi alikuwa, bila kuambiwa, akilipa ruzuku kwa ofisi ya serikali, na ofisi ileile ikawa na orodha ya wazururaji ambamo jina lake lingeweza kuandikwa. Sheria ya Nguvu Kazi ilififia kimyakimya. Mahitaji ya nyumba yalikuwa na nguvu kuliko sheria, na waliotakiwa kuitekeleza nao walikuwa na mabanda ya kuku.

Kulegea kulianza 1984. Bajeti ya mwaka ule iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa alizipataje, ikaondoa ruzuku ya sembe. Mitumba ikarudi, Rais Mwinyi akaingia madarakani Novemba 1985, na mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha. Shilingi, iliyokuwa takriban 17 kwa dola moja, ikashushwa hadi 40. Madukani sabuni ikaonekana ikiwa imepangwa juu ya rafu, jambo ambalo watoto wa umri wangu tulikuwa hatujawahi kuliona.

Wapo wanaosema kwamba mageuzi yale ndiyo yaliyoleta mfumuko wa bei, na wapo wanaosema ndiyo yaliyouponya. Daftari halikubaliani na upande wowote. Kuanzia 1986 neno "sikupata" linatoweka kabisa, na safu za "Dukani" na "Nje" zinaungana kuwa moja, kwa sababu bei sasa ni moja. Bei hiyo mpya haimshtui mama; ni ileile aliyokuwa akiilipa nje tangu 1983. Waliotikisika ni wale waliokuwa wamezoea kupata dukani. Lakini kuna jambo jingine ambalo nililiona baada ya kusoma mara kadhaa. Zamani mtu maskini asiye na fedha alikuwa na muda, na kwa muda alinunua sukari ya bei ya Tume. Baada ya foleni kufa, muda haukununua tena kitu. Kilichotakiwa ni shilingi, na asiyekuwa na mradi alikosa vyote viwili. Mama alinusurika kwa kuwa alikuwa na kuku 60. Jirani yetu mmoja, mjane asiye na kitalu, ambaye kwa miaka alitegemea kusimama foleni kwa niaba ya wengine na kupata sehemu ya mgao, alipoteza riziki siku ambayo sote tulikuwa tunashangilia sabuni. Alirudi kijijini kwao Matombo mwaka 1987.

Ndiyo maana sina raha na namna tunavyojadili maisha magumu siku hizi. Mwaka 2022 bei za mafuta zilipopaa baada ya vita vya Ukraine, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, na ninakubali kwamba ilisaidia. Lakini miezi michache kabla ya hapo, mwishoni mwa 2021, wamachinga na mama lishe waliondolewa kandokando ya barabara za miji yetu na kupelekwa maeneo yaliyotengwa, mengine yakiwa mbali na wateja. Hoja za usalama barabarani na usafi zina uzito wake. Ninachouliza ni kama kuna mezani mtu aliyehesabu ni mishahara mingapi ya walimu, manesi na askari iliyokuwa ikifikishwa tarehe 30 na meza zile. Baba wa yule mwanafunzi wangu ni mtumishi. Nilimfuata baada ya semina nikamuuliza mama yake anafanya nini. Akasema: "Hafanyi kazi, Mwalimu. Anauza uji tu asubuhi, na jioni anakaanga samaki." Yeye mwenyewe huuza vocha na sabuni za maji bwenini. Hata kinywani mwao wenyewe kazi hiyo haina jina la kazi.

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro na daftari mkononi. Nilitaka kumuuliza mama kuhusu ukurasa wa Februari 1986. Katika safu ya "Mradi", upande wa matumizi, chini ya pumba za kuku na dawa ya kideri, kuna mstari unaojirudia kila Jumatatu: "Nauli ya Baba K. kazini." Mayai yalikuwa yakimlipia nauli mtu aliyekuwa akienda kutafuta mshahara. Nilimuuliza pia kwa nini, katika miaka saba ya hesabu makini namna ile, hakuwahi kuandika popote malipo yake mwenyewe.

"Baba, ningejiandikia mshahara, angenilipa nani?" alijibu, akanyoosha mkono nimpe daftari. Alivaa miwani, akafungua kurasa za upatu, akapitisha kidole taratibu kwenye majina kumi hadi akalifikia la yule mjane wa Matombo. Zamu yake ilikuwa ya mwisho, Desemba 1987, naye alikuwa ameshaondoka. Fedha zake, alisema, walizigawana.